Musafiri Akipotea

Kindu, tarehe 12 Februari 2024

Mudogo wangu Arsène,

Nilimupoteza bwana yangu Elie siku ya ine, tarehe 16 mwezi wa tisa mwaka 1999, kwenye njia ya reli kati ya Kindu na Kibombo, na mutu wa mwisho kutembea naye njo wewe. Nimeanza na hilo makusudi. Kila mwaka nalificha chini ya salamu, na kila mwaka unajibu salamu tu.

Sasa salamu zenyewe. Sisi huku tuko wazima. Binti yangu Ange anafundisha mwaka wa tatu wa shule ya primaire, watoto hamsini na sita katika darasa moja, jioni sauti yake imekwisha kama ya mutu aliyetoka kilioni. Mvua ilitoboa bati la depo yangu ya biashara, upande wa sabuni, nimelitengeneza. Papa Kabasele, kaka mukubwa wa Elie, anaumwa magoti lakini mdomo wake hauumwi hata kidogo. Anakusalimia, na anauliza swali lake la siku zote. Unalijua.

Bahasha yako nimeipata kwa mikono ya Matata, yule anayesindikiza mizigo kwenye treni. Asante kwa mwaliko. Nina miaka hamsini na saba na sijawahi kwenda mahali kwa kupumzika tu. Kalima nilikwenda kuuzia wachimbaji mikate. Lubutu nilikwenda kununua mchele. Hata hospitali nilipokwenda kumuzaa Ange nilibeba bidon, dumu zima la mawese, nikaiuza kabla uchungu haujakaza. Kwa hiyo vakansi ya mwezi mzima huko Lubumbashi, kukaa kwenye kiti na kuletewa chai na muke wako Nathalie, nimekubali. Nitakuja mwezi wa saba, kwa treni.

Sijakubali zile karatasi za bima, ile munaita asiransi ya safari. Arsène, mimi siendi Ulaya. Natoka Kindu nakwenda Lubumbashi, inchi moja, bendera moja, kwa mudogo wangu wa tumbo moja. Dola kumi na minane juu ya tikiti ya mia moja na ishirini ni kumi na tano kwa mia. Mimi kwenye mawese sipati faida ya kumi na tano kwa mia, na mawese yanaonekana, yanashikwa.

Lakini nilivaa miwani, nikasoma kurasa zote. Mizigo kuibiwa, homa, mguu kuvunjika: hukuweka alama popote. Kwenye ukurasa wa sita tu umepiga mustari na kalamu ya bic nyekundu chini ya maneno haya, nayageuza kutoka Kifaransa: "Musafiri akipotea na maiti isionekane, kampuni italipa."

Kwa nini hayo, kati ya yote? Nilikuuliza kwenye simu, ukasema mtandao unakatika. Na ulikatika kweli, sababu uliukata wewe. Karatasi haina mtandao. Niandikie.

Dada yako,
Emerance


Lubumbashi, tarehe 20 Machi 2024

Dada yangu, Yaya Emerance,

Pokea salamu za nyumba nzima. Nathalie amekwisha kushona mapazia ya chumba chako, na anauliza kama bado unakunywa chai na sukari vijiko vine. Kitinda mimba wetu amepita mutihani wa serikali, ule wa kumaliza sekondari, sasa anajiona profesa, anatusahihisha Kifaransa mezani. Mimi niko palepale katika ofisi ya reli, napiga muhuri. Barua yako ilifika mapema, lakini kazi ilikuwa mingi. Nimekaa nayo mufukoni.

Asiransi siku hizi kila mutu anachukua, hata wanaokwenda Likasi kula arusi. Treni ni siku nyingi, maji mabaya, mbu. Ukiumwa njiani, nani atakulipia? Njo hivyo tu. Ule mustari mwekundu usiutafutie maana, ni watoto walichezea karatasi.

Lakini, yaya, ningependa zaidi uje kwa ndege. Nitaongeza kinachokosa. Usiniambie ni ghali, nimekwisha kuomba deni kazini.

Kama umeng'ang'ania treni, basi nunua ile asiransi, ile hasa, si ya kampuni ingine. Na unisikilize kama vile mimi njo mukubwa, hata kwa mara moja. Treni ikisimama mahali pasipo na gare wala kituo, usishuke kuuliza kuna nini. Na wewe unayehesabu kila kitu, hata mbegu za chungwa ulilopewa bure: usihesabu mabehewa.

Kuhusu shemeji Elie sina cha kuongeza. Nilisema ule mwaka na narudilia: alinitangulia, sikumufikia.

Musalimie Ange. Musalimie na Papa Kabasele, lakini kwa mbali.

Mudogo wako,
Arsène


Kindu, tarehe 2 Mei 2024

Arsène,

Tuko wazima. Ange ameongezewa watoto wanne darasani, sasa wanakaa mpaka chini ya ubao. Bei ya sabuni imepanda, bei ya mawese imeshuka, na mimi niko katikati kama kawaida. Mwambie Nathalie vijiko vitatu, daktari amekata kimoja.

Watoto walichezea karatasi? Mutoto wako wa mwisho amepita mutihani wa serikali, umeniandikia mwenyewe, mistari sita juu ya uwongo wako. Mutu akitaka kudanganya, kwanza asome tena barua yake.

Nilikwenda kwenye ile ofisi ya asiransi, siyo sababu umenishinda, lakini nilitaka kuona wanauza nini. Nilipokewa na binti mumoja, Victorine, wa Kasongo, mwenye adabu na kucha ndefu. Akafungua karatasi.

"Mama, ni muke wa mutu ao mjane?"

"Andika katikati."

"Katikati haiko, mama."

"Basi sikiliza. Bwana yangu yuko njiani."

"Tangu lini?"

"Tangu binti yangu akiwa tumboni. Leo ni mwalimu."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia pole pole, kama vile mimi njo mugonjwa: mutu wa kupokea pesa lazima aandikwe. Mimi nikiwa mjane, ataandika Ange. Nikiwa muke wa mutu, kampuni inataka bwana kwanza. Nikidanganya, siku ya kulipa hawatalipa. Nikamwambia, "Binti yangu, hata padri alishindwa kunijibu hilo, na yeye hakuniomba dola kumi na minane."

Unajua ninachosema. Mwaka 2006 mutu wa Lubutu alinitaka, mutu mutulivu, mwenye lori lake. Padri akasema, leta karatasi ya kifo. Serikali ikasema, leta shahidi. Wakwe zangu wakasema mimi ni muke wao, bwana yangu hajarudi tu. Yule mutu alingoja mwaka mzima, akaoa kwingine. Sikumulaumu. Nilijenga depo.

Kutoka kwa Victorine nikapita kwa Papa Kabasele. Alikuwa ameweka miguu katika beseni ya maji ya moto.

"Papa, tufanye kilio cha Elie. Nimechoka."

"Nani alimuona amekufa?"

"Papa, ni miaka makumi mawili na tano!"

"Hata iwe mia. Sisi watu wa Kasai hatulii mutu kwa kukisia. Walitoka wawili, akarudi mumoja. Huyo mumoja asimame aseme, nimeona kwa macho yangu. Nikimulilia ndugu yangu na yeye ni muzima mahali, njo mimi nitakuwa nimemuua."

"Na mimi je?"

"Wewe nenda kumulilia mudogo wako, ule aliye na mdomo, iko Lubumbashi. Na usiniletee tena maswali ya wazungu."

"Victorine ni wa Kasongo, papa."

"Njo wale wabaya zaidi," akasema, akaomba nimuongezee maji.

Sasa lingine. Treni iliingia tarehe 22 mwezi wa ine. Nilikwenda gare kuchukua katoni zangu za sabuni, na sababu ulinikataza, nilihesabu. Kumi na moja. Nikamuambia Matata, leo mumekuja na mabehewa kumi na moja. Akacheka: "Mama Emerance, ni kumi. Uza sabuni yako." Tukatembea pamoja, saa tano ya asubuhi, jua kali, napiga kila behewa na kiganja kama mutu anayechagua tikiti maji. Kumi. Nikaomba radhi.

Nilipofika mulangoni nikageuka. Kumi na moja. La mwisho lilikuwa na mulango wazi. Ndani hakuna mutu, hakuna muzigo, pamefagiwa safi. Na palinuka majani, Arsène, majani mabichi yaliyokatwa sasa hivi, mpaka kwenye nguo zangu. Ange alipofika jioni aliuliza, "Mama, leo ulikwenda shambani?"

Ulijuaje kwamba nisihesabu?

Emerance


Lubumbashi, tarehe 29 Juni 2024

Yaya,

Nathalie anakusalimia, watoto wanakusalimia. Baridi ya huku ni kali mwaka huu, lete kitambaa kizito kama utakuja. Sikufichi tena: barua yako imenilaza kitandani siku mbili.

Nitaandika nilichoona. Usiniulize ni nini, sababu sijui. Ule mwaka 1999 mulikuwa mumekaa wote mukiningojea, wewe na tumbo lako, Papa Kabasele na kaka zake, na mimi nikatafuta neno. Nikisema amekufa, nadanganya. Nikisema ni muzima, mutauliza yuko wapi. Nikasema alinitangulia, na hilo si uwongo.

Ilikuwa siku ya tatu ya safari. Unakumbuka treni zilikwisha kusimama tangu vita ifike, na sisi tulifuata reli sababu kwenye barabara watu wenye bunduki walikuwa wananyang'anya. Majani kati ya reli yalifika magotini. Elie alisukuma baisikeli ya sabuni, mimi ya chumvi, tukauze Kibombo. Mipira ya ndani haikupatikana tena mujini, kwa hiyo gurudumu langu nilikuwa nimelijaza majani makavu, likawa linalia kila hatua. Alikuwa ananicheka. "Shemeji, baisikeli yako inakula kuliko mbuzi. Tukifika Kibombo itataka na maji."

Halafu akasimama. Akalaza baisikeli, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya chuma.

"Inakuja," akasema.

"Nini?"

"Treni."

"Treni gani tena, shemeji?"

"Najua. Haiko kwenye programu." Alisema kwa hasira, yaya, ile hasira yake ya miaka aliyofanya kazi gare, kama vile wenzake wa Kindu wamesahau kumupigia simu. Akatoa kofia yake ya reli katika mufuko, akaivaa, akanivuta shati nisimame kando.

Ilikuwa katikati ya mchana. Mvua ilikuwa imepita, mbingu safi, hata jani la muti halikutikisika. Lakini majani ya kwenye reli yakaanza kulala, tangu kule upande wa Kindu, yanalala yanakuja. Sikuona chuma. Sikuona moshi. Niliona kivuli. Tulisimama kwenye jua na kivuli kikatupita usoni, halafu mwangaza, halafu kivuli, halafu mwangaza, vile inapita wakati mutu amesimama karibu sana na mabehewa. Mimi mutu wa hesabu za ofisi, nikahesabu. Kumi vilipita. Cha kumi na moja kikasimama mbele yetu.

Elie akainua uso, mpaka pale mulango wa behewa ungekuwa. Akacheka kama amekutana na mutu anayemujua.

"Iko nafasi?" akauliza. Akasikiliza. "Na huyu shemeji yangu?" Akasikiliza tena. Akageuka kwangu: "Moja tu, Arsène."

Akanipa usukani wa baisikeli yake. Akainua muguu, akaukanyagisha hewani, na hewa ikamushika. Hakupiga kelele. Hakuna aliyemuvuta. Alipanda vile mutu anapanda kwenda kazini. Pale juu, nikiwa simuoni tena vizuri sababu ya kivuli, alisema neno moja kwa ajili yako. Halafu jua likanipiga machoni, na majani yalikuwa yamekatwa pande zote mbili, sawasawa, kama kwa kisu. Niligusa reli. Ilikuwa ya moto. Alama iko kwenye kiganja changu mpaka leo. Nathalie anafikiri ni mafuta ya jikoni.

Neno lile siliandiki. Usinilazimishe. Lakini sababu yake njo nilitafuta kampuni yenye kulipa mutu akipotea, ili kama itatokea, Ange asibaki mikono mitupu vile wewe ulibaki. Panda ndege, yaya. Ao baki nyumbani. Nitakuletea hiyo vakansi huko huko, na kiti, na chai, na Nathalie.

Arsène


Kindu, tarehe 15 Julai 2024

Arsène,

Ange ni muzima, shule imefunga. Mimi ni muzima. Bati halijatoboka tena.

Barua yako nilimusomea Papa Kabasele kwenye baraza. Alisikiliza na macho yamefungwa. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu: "Alivaa kofia?" Nikasema, umesikia, alivaa. Machozi yakashuka, akayapangusa haraka na kunionyesha kidole: "Hii si kulia! Usihesabu kwamba nimelia." Akasema, "Kupanda si kufa. Lakini mimi sikuwako. Aliyekuwako achague neno, alitie sahihi, nitalifuata. Akisema amekufa, nafungua kilio siku hiyohiyo."

Nimekukasirikia mpaka nimechoka. Ulirudi unasukuma baisikeli mbili peke yako, ukaniachia yake ukutani, ukakaa kunywa maji. Nilizaa Ange nikitazama mulango. Kila jioni niliacha chakula cha mutu aliyekutangulia. Kama ungeniambia ule mwaka, ningekuita mwenda wazimu, kweli, ningekufukuza hata. Lakini ningekuwa na kitu cha kukataa.

Neno lake huna haja ya kuliandika. Nimefanya biashara maisha yote, naijua bei ambayo mutu hataki kuitaja: anaizunguka mpaka inaonekana katikati. Unaniambia ndege. Unaniambia nisishuke pasipo na gare, nisihesabu, nichukue asiransi ya mutu anayepotea. Alisema ataniwekea nafasi. Si ndiyo? Alisema atapita kunichukua. Miaka yote hii umeniogopea, na hukuniuliza hata mara moja kama mimi naogopa.

Asiransi nimeinunua. Usifurahi. Nimelipa dola kumi na minane, nimetia sahihi kila mahali isipokuwa kile kibokisi cha mjane ao muke wa mutu, na jina la mutu atakayepokea. Victorine amenikubalia mpaka siku ya posho, ile ya sita ya juma, tarehe 20, saa sita ya mchana. Baada ya hapo anafunga karatasi namna ilivyo, na karatasi yenye pengo haina kazi.

Treni imeingia jana. Itaondoka siku hiyohiyo ya posho, saa tisa. Matata amenionyesha hesabu yake, ni kumi. Nilikwenda asubuhi, nilikwenda mchana, nimekwenda tena sasa kabla ya kuandika. Mimi niko na kumi na moja. Mulango wa lile la mwisho uko wazi upande wangu. Nimesimama mbele yake mpaka watu wa gare walianza kunitazama. Halina mutu. Lakini mutu anajua nyumba ambayo inangojewa na nyumba iliyoachwa, hata kama zote mbili ni tupu.

Barua hii anakuletea jirani yangu Josiane, muuza vitenge, anapanda ndege kesho. Analala kwa dada yake huko Lubumbashi, katika mtaa wa Kenya, karibu na soko, Nathalie anapajua. Anarudi Kindu siku ya tano, tarehe 19, jioni. Mupe jibu mukononi mwake, limefungwa. Usimupe maneno ya mdomo, Josiane anapika maneno. Usinipigie simu.

Sitaki uniandikie pole, wala habari ya ndege, wala Mungu anajua. Mungu anajua, Arsène, lakini hakuwa anasukuma baisikeli ya chumvi. Ukiandika mjane, utie sahihi yako chini, Papa Kabasele atafungua kilio, watanikata nywele, nitaandika jina la Ange, na nitapanda behewa lolote kati ya yale kumi ya Matata bila kugeuka nyuma. Ukiandika muke, nitaandika Elie, na nitapanda pale nilipowekewa nafasi. Ukinyamaza, saa sita ikigonga nitaandika mwenyewe, na unajua nitaandika lipi.

Nataka neno moja, kabla ya saa sita ya mchana, siku ya posho, tarehe 20 Julai. Wewe njo uliona. Bwana yangu alikufa ao hakufa?

Emerance